Siku Tatu Katika Vitunguu

Oudezand, Zeeland
Jumatatu, 14 Novemba 1988

Kwako mdogo wangu Leuntje,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba ileile uliyoiacha, ingawa mlango sasa ni wa kijani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wouter wako na goti lake, na watoto, na wajukuu ambao majina yao ya Kikanada yananikwama kooni. Mimi sijambo. Miguu inavimba na meno si yangu, lakini sijambo. Upepo wa wiki iliyopita uliangusha mti wa mapea wa jirani juu ya banda lake la kuku. Kuku wamepona, banda halikupona.

Barua yako ya mwisho ilifika Machi. Machi, Leuntje! Ng'ombe aliyepandwa siku niliyoipokea sasa anakaribia kuzaa. Usiniambie habari za kazi nyingi. Mikono unayo, na posta mnayo.

Naandika kwa mkono wangu. Krina, yule binti wa Rinus anayesomea uuguzi, alitaka kuniandikia kwa mashine ili herufi zisimame sawasawa. Nikamwambia nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na miwili, herufi zangu zimelala tangu siku ile, na ziachwe zilale. Tena kuna mambo mtu haandikiwi.

Nafanya haraka kwa sababu Dina wa duka la mikate naye ana dada huko Kanada, na kalamu ya Dina ina miguu. Kabla hujaambiwa na wengine nakuambia mwenyewe: jana ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, na mimi sikwenda mezani. Nilibaki kwenye benchi langu kama gunia la viazi, na kanisa zima likanitazama. Kama umesimama, keti.

Kwenu nasikia siku hizi hata vijana wanakwenda mezani kama watu wanaokwenda dukani. Hapa mambo ni yaleyale uliyoyaacha. Watu mia sita wanajaa kanisani asubuhi na jioni, na wanaokwenda mezani ni kumi na mmoja. Wengine wote wanangoja. Wamebatizwa, wanasali, wanaogopa Mungu hadi wanatetemeka, lakini wanangoja moyo uvunjike na uhisi, na wazee wa kanisa waje nyumbani waulize ulihisi nini, siku gani, na ukiwa wapi. Asiyekuwa na la kujibu anabaki kwenye benchi mpaka anapelekwa makaburini. Katika wale kumi na mmoja mimi nimekuwa mmoja kwa miaka thelathini na saba. Mwanamke mdogo kuliko wote nilipoanza. Nilikuwa najivuna? Nilijivuna, ndiyo. Unanijua.

Sasa habari ya Rinus, maana yote yanatokea hapo.

Tangu Agosti mwanangu alikuwa anashika tumbo akidhani sioni. Jikke mkewe alimpeleka kwa daktari kwa nguvu, na daktari akakuta uvimbe kwenye utumbo. Alisema wazi, na mimi nampenda mtu anayesema wazi: wakimkata sasa kuna tumaini kubwa, wasipomkata hatapanda vitunguu vya mwakani. Hospitali ya Rotterdam ikamwekea siku ya Alhamisi, tarehe kumi na saba, ikataka jibu lake kabla ya leo saa nne asubuhi. Na Rinus akasema haendi.

Nilidhani ni woga wa kisu. Nikamkaripia hadi madirisha yakalia. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, anayeingiza mkono mzima kumvuta ndama, leo anakimbia kijisu cha daktari! Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, ndivyo alivyo, kisha akaniambia taratibu kwamba haogopi kisu, anaogopa kutoamka. Akikataa kukatwa anayo majira haya ya baridi, miezi minne au mitano, na pengine ndani ya miezi hiyo Mungu atamjia na moyo wake utavunjika kama wangu ulivyovunjika. Lakini akifa Alhamisi mikononi mwa daktari, atakufa kama alivyo, mkavu. "Bora nife nikiwa mlangoni nangoja, Mama," akasema, "kuliko kwenda siku hiyo sina kitu."

Mkavu. Hilo ndilo neno lake. Na kweli huyu mtoto hajui kulia. Baba yake Izak alipokufa, Rinus alipanga viti vya waombolezaji, akavihesabu, akavihesabu tena, jicho kavu kama mbao. Jikke yeye hulia hata maziwa yakimwagika, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuona hilo ni jambo la kiroho. Rinus hupiga magoti kila jioni kando ya kitanda. Viazi vya mjane Adriaanse anavivuna yeye kabla ya vyake. Lakini hapa kwetu hayo hayafungui mlango. Hapa swali ni moja tu: umehisi?

Na kila alipokosa la kusema alinitazama mimi, kwa maana kipimo cha kisiwa hiki ni mimi. Hadithi yangu unaijua, nilikuandikia mwenyewe mwaka ule wa 1951, nawe ukaniandikia kwamba mchungaji wenu aliisoma mbele ya watu. Jinsi nilivyokuwa nikipalilia vitunguu mwezi wa Mei, huzuni ya dhambi zangu ikanishukia, nikalia siku tatu mfululizo nikitambaa kwenye mistari. Jinsi marehemu Mzee Boogert alivyopita na baiskeli siku ya tatu, akanikuta, akanivulia kofia. Na jinsi wiki sita baadaye, siku ya Alhamisi, nikimenya viazi, amani ilivyonimiminikia hadi nikaimba zaburi peke yangu jikoni. Watu wanaiita Siku Tatu za Tannetje. Akina mama huwasimulia watoto. Marien mtengeneza magurudumu, unamkumbuka, alilia siku mbili alipofiwa na mwanawe, akangoja ya tatu, haikuja, akaishi miaka ishirini mingine na akafa bila kukanyaga mezani kwa sababu ilipungua siku moja. Watu husimulia hilo wakicheka. Mimi sijawahi kucheka.

Basi Oktoba yote Rinus alikuwa anakuja kwangu baada ya mkate wa jioni, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kiti cha baba yake, na kuniomba nisimulie tena. Tena na tena. Akawa anauliza kama fundi anayetafuta bomba linapovuja. Ilianzia kifuani au kooni? Nilisikia baridi? Nilikuwa nimekula? Dhambi ipi ilikuja kwanza? Nilimjibu, Leuntje. Kila swali nilikuwa na jibu lake, kwa sababu majibu hayo nimeyatoa miaka thelathini na saba na yamelainika kama mpini wa jembe. Na kila nilipojibu nilimwona anazama.

Siku moja mvua inanyesha, akatoka na lile tumbo lake, akaenda akapiga magoti kwenye shamba lilelile, katikati ya matope matupu, maana vitunguu vimeshavunwa. Krina alikwenda kumtoa. Aliniambia alimkuta amejikunja kama mbwa aliyegongwa, akamshika kwapa na kumwambia, "Baba, ukitaka machozi kaa jikoni umenye vitunguu, angalau tutapata supu." Ana mdomo mtoto yule. Nimeambiwa ameurithi, sijui kwa nani.

Ijumaa alikuja Boogert. Baba yake amekufa zamani, huyu ni Cornelis, ambaye bado tunamwita Boogert mdogo ingawa ana miaka sitini na kichwa kinang'aa. Ni mzee wa kanisa kama baba yake. Wiki ya kujiandaa kwa Meza wazee huzungukia nyumba, na alikuja kwetu kwa ajili ya Rinus. Tukakaa jikoni kwangu sisi watatu, na Krina akimimina kahawa. Boogert akasoma, akaomba, akakohoa. Akamuuliza Rinus kama ametikiswa na chochote. Rinus akasema hapana. Akamuuliza kama ana hakika. Rinus akasema angependa sana kutikiswa, lakini amebaki kama nguzo ya lango. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga kama mtu anayepigilia misumari.

Ndipo Boogert akanigeukia mimi. Akasema, "Mama Tannetje, tusimulie tena, mwana apate nguvu."

Nikaanza. Mwezi wa Mei, asubuhi, umande, aproni yangu ya buluu. Nilipofika kwenye mstari wa vitunguu nikainua macho, nikaona midomo ya Rinus inacheza. Alikuwa anasema pamoja nami bila sauti, neno kwa neno, kama mtu anavyosema zaburi. Uso umemwisha, ngozi ya mashavu imelegea, na bado anasema pamoja nami, akitafuta mahali pa kuingilia.

Nikanyamaza. Boogert akadhani nimezidiwa na hisia, akanisogezea leso yake. Nikamwambia aweke leso yake mfukoni.

Sasa nisikilize vizuri, Leuntje, kwa sababu ninalokuandikia hapa ndilo nililowaambia wao, na lilikuwa lako kabla halijawa lao.

Siku ile ya kwanza katika vitunguu ilikuwa siku uliyoondoka. Wewe unadhani nilikuwa na hasira, na hasira nilikuwa nayo. Uliniachia Mama kitandani, ukamfuata Wouter na masanduku yake, na mimi nikatangazia kijiji kizima kwamba sitakwenda kumsindikiza mtu bandarini, vitunguu havijipalilii. Nikasema mwenye kwenda na aende, mdomo mmoja umepungua mezani. Hayo uliyasikia, nilihakikisha umeyasikia. Saa tatu asubuhi basi la Rotterdam likapita juu ya tuta la kuzuia bahari. Nililiona. Uliteremsha kioo, ukatoa leso nyeupe, ukaipunga. Niliiona, Leuntje. Nilikuwa mbali kama kutoka mlango wa kanisa hadi mimbari mara mbili tu. Na sikuinua kichwa. Nilivuta magugu. Nikavuta na vitunguu vyenyewe pamoja na magugu, maana sikuwa naona ninachovuta.

Basi lilipopotea kwenye kona ndipo nilipoanza kulia. Sikuweza kuacha. Nilimlilia dada yangu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minane, akiniwekea miguu yake ya barafu mgongoni. Sikulilia dhambi yoyote, isipokuwa labda hiyo moja.

Siku ya tatu Mzee Boogert akateremka kwenye baiskeli na kuniuliza nina nini. Ningesema ni vitunguu, lakini vitunguu vya Mei havimlizi mtu, na yeye alikuwa mkulima. Kusema ni wewe, nisingeweza. Ningejitia aibu, mimi niliyesema mdomo mmoja umepungua. Nikasema, "Nimepoteza kila kitu." Basi. Maneno matatu ya kweli. Akavua kofia palepale kwenye upepo, macho yakamlowa, akaniambia heri mtu anayeliona hilo mapema. Jioni akaja na mzee mwenzake, na maswali waliyoniuliza yalikuwa yamebeba majibu yake tumboni. Mimi kazi yangu ilikuwa kutikisa kichwa. Nikatikisa. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Na ile Alhamisi ya viazi? Mtu wa posta alikuwa ametoka kuniletea barua yako ya kwanza. Uliandika kwamba mmefika, kwamba ulitapika njia nzima, na kwamba uliuona mgongo wangu katika vitunguu. "Najua uliniona," uliandika, "na mimi sina kinyongo, mkaidi wewe." Nimeiweka hadi leo, ndani ya kitabu cha zaburi. Niliimba, ndiyo. Niliimba hadi Mama akauliza kutoka kitandani kama nimelewa.

Nilipomaliza kusema haya jikoni, Krina alikuwa amemimina kahawa mpaka kwenye kisahani na mezani. Akanong'ona, "Bibi, kumbe na wewe ni mtu." Nikamwambia achukue kitambaa apanguse.

Boogert alikuwa amebadilika rangi. Akasema kwanza polepole, kisha haraka. Akasema neno hili lisitoke nje ya jikoni. Nusu ya kanisa wamejipima kwa machozi yale, na baba yake mwenyewe alishuka kaburini akiyaegemea. Akaniomba, Leuntje, aliniomba kabisa, Jumapili niende mezani kama siku zote, nisiwakwaze wadogo. Nikamwambia baba yake alikuwa mtu mwema aliyesahau kuuliza swali moja tu: unamlilia nani? Akasema nikibaki kwenye benchi watu watauliza. Nikasema na waulize, mimi masikio ninayo. Akasema atalipeleka kwa baraza la wazee. Nikamwambia alipeleke, na asisahau kofia yake.

Muda wote huo nilikuwa naogopa kumtazama Rinus. Nimemnyima chakula kwa mkono wangu mwenyewe miaka yote hii, nikimwonyesha sahani yenye picha ya mkate. Ningeelewa angenitukana. Ningeelewa angeinuka aende asirudi.

Alianza kutikisika. Nikadhani hatimaye analia. Kumbe anacheka. Alicheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, anasema inauma, inauma, na bado anacheka. "Kwa hiyo, Mama," akasema, "maisha yangu yote nimekuwa nikimtafuta Mama Mdogo Leuntje!" Krina naye akaangua kicheko. Boogert akakimbilia baiskeli yake kama nyumba inaungua.

Kisha Rinus akauliza kama kuna maharage yaliyobaki. Alikula sahani mbili, na nyama ya nguruwe juu yake, mtu ambaye wiki tatu alikuwa anaishi kwa chai. Akiwa anapangusa sahani kwa mkate akaniambia kwamba nililia kwa kumkosea mtu, na nikaimba kwa kusamehewa, sasa yeye haoni uongo uko wapi. Nikamwambia uongo uko palepale nilipotikisa kichwa, na asinihubirie jikoni kwangu. Lakini neno lile limenikaa. Limekaa kama punje kwenye meno haya ya dukani.

Usidhani nilikuwa mtulivu. Jumamosi nilimenya viazi vya Jumapili nikajikata mara mbili. Nilijiuliza nimekula nini miaka yote hii. Mara nne kwa mwaka kwa miaka thelathini na saba, hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyejua hesabu. Ukiniuliza nilihisi nini pale mezani, siku chache nilihisi kitu kikubwa ambacho sina jina lake. Siku nyingi nilihisi viatu vinanibana. Na Rinus hakuwa amesema lolote kuhusu hospitali. Jikke alimuuliza, akajibu tusubiri Jumapili ipite. Nikajua nimevunja kipimo, lakini sikujua kama nimempa kitu kingine mahali pake, au nimemwacha hewani.

Jana basi. Unakumbuka kopo langu la peremende, lile la bati. Tangu Rinus akiwa mdogo, wakati wa Meza ukifika mimi humpa alishike, kwa sababu mtu haendi kwa Bwana na kopo linalogonga mfukoni, naye hulishika mpaka nirudi. Jana nililishika mwenyewe. Mchungaji akasoma maneno ya kukaribisha, watu wakaanza kuimba zaburi ile ya polepole, na wale kumi wakainuka mmoja mmoja na nguo zao nyeusi. Nilisikia benchi la nyuma likinong'ona. Dina alinyoosha shingo kama bata bukini. Shingo yangu iliwaka moto, lakini sikuinama. Nilikwisha kuinama mara moja katika maisha yangu, inatosha.

Pale mezani pakawa na nafasi moja wazi, yangu, kama jino lililong'oka. Boogert mdogo alikuwa amesimama kando ya meza, ndiye anayeilinda. Alikuwa anakitazama kiti kile, hanitazami mimi.

Na Rinus akainuka.

Nilimshika koti. Nakiri, nilimshika koti, nikadhani anakwenda kutapika. Akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja. Akainama sikioni kwangu akasema, "Sihisi kitu, Mama. Njaa tu." Kisha akaenda. Kanisa zima likaacha kuimba, isipokuwa wale viziwi wawili wa mbele. Alitembea polepole kwa sababu ya tumbo, uso mkavu kama siku zote, na viatu vyake vya Jumapili vinalia kwenye sakafu. Boogert akapiga hatua moja mbele. Nilimwona. Alikuwa na haki ya kumzuia, maana hakuna mzee aliyemsikia Rinus akisema ametikiswa. Wakasimama hivyo, wawili hao, uso kwa uso. Sijui ni muda gani.

Sijui alichokiona Boogert katika uso ule. Alishusha macho. Akasogea. Akakivuta kile kiti changu kwa mkono wake mwenyewe, na mwanangu akaketi.

Mkate ulizunguka. Ulipomfikia aliushika kwa mikono miwili, kama anavyoshika kitu kinachoweza kuvunjika, akala. Hakulia. Hakuna mwanga ulioshuka. Alikula tu kama mtu aliyetoka kazini, akarudi, akakaa kando yangu, akalichukua lile kopo mkononi mwangu, akatia peremende kinywani, akanipa na mimi moja.

Usiniulize kama mimi nililia. Safari hii hilo ni langu.

Leo saa mbili asubuhi alipiga simu Rotterdam mwenyewe. Alhamisi anakwenda. Krina atampeleka na gari, mimi nitakaa nyuma, na hakuna atakayenizuia. Baraza la wazee linakutana Jumatano kwa ajili yangu. Wataniita, nami nitakwenda, nitawaambia yote haya kwa kusimama. Wakinifungia meza watakuwa na sababu. Wakinifungulia, sijui kama nitakwenda bado. Kwanza nina deni la miaka thelathini na saba kwako.

Basi nalipa. Nilikuona, Leuntje. Niliiona leso. Nisamehe. Najua ulishanisamehe kwa barua, lakini ulisamehe kitu ambacho sikuwa nimekiomba, na mtu anapaswa kuomba.

Alhamisi watamkata saa tatu asubuhi kwa saa zetu. Kwenu itakuwa bado giza, na wewe unapenda usingizi tangu utoto. Siku hiyo usilale. Amka, keti jikoni kwako, na umwombee mwanangu kwa jina lake. Ukihisi kitu ni sawa. Usipohisi kitu omba vilevile.

Na kama watoto wako wana akili, watakununulia tiketi ya ndege kabla hatujazeeka zaidi. Basi bado linapita juu ya tuta saa tatu asubuhi, linasimama karibu na shamba. Nitakuwa pale. Nitakuwa nimevaa aproni ya buluu ili usikose, na nitakuwa nimesimama wima.

Mwambie Wouter apake goti lake mafuta na aache kulalamika. Jikke anakusalimu, Krina anakusalimu, na Rinus anasema anafurahi kwamba hatimaye amekupata. Nijibu upesi, usiningojeshe mpaka ng'ombe azae.

Ni mimi dada yako mkaidi,

Tannetje